Deni la Yaoundé

Timu niliyoipenda utotoni haikuwa ya Uvira wala ya Kivu. Ilikuwa ya Lubumbashi, mwisho mwingine wa nchi, mji ambao wengi wetu tulioishabikia hatukuwa tumeuona kwa macho. Iliitwa TP Englebert. Vijana wa leo wanaijua kwa jina la TP Mazembe, wanaijua kwa makombe ya 2009, 2010 na 2015, kwa kipa Kidiaba aliyekuwa akishangilia mabao kwa kurukaruka akiwa amekaa chini, na kwa fainali ya dunia ya klabu huko Abu Dhabi dhidi ya Inter. Furaha yao ni furaha yangu pia. Lakini mimi nataka kuandika habari za Jumapili moja, tarehe 24 Januari 1971, siku timu ile ilipopoteza kombe la Afrika mbele ya watu wake. Tunaoikumbuka hapa Uvira tumebaki wachache, na naona kushindwa kule hakujaelezwa inavyostahili. Wapo wanaosema Englebert ilikuwa imechoka. Wapo wanaosema kofia ya kipa wa Ghana ilikuwa na dawa. Mimi nasema ile ilikuwa mechi iliyocheleweshwa miaka mitatu.

Nianze na sababu ya mapenzi yenyewe, maana mgeni anaweza kuuliza Uvira na Lubumbashi vinakutania wapi. Vinakutania Kalundu. Bandari yetu iko kusini kidogo ya mji, na wakati ule meli zilizotoka Kalemie zilipanda ziwa la Tanganyika kuja kutia nanga pale, kisha zikaendelea Bujumbura. Kalemie kulikuwa na reli, na reli ile ilikwenda mpaka Lubumbashi. Kwa hiyo kila kitu cha Lubumbashi kilitufikia kwa maji: vitambaa, magazeti ya wiki zilizopita, nyimbo, na habari za mpira. Mabaharia na wapakuzi wengi walikuwa watu wa Katanga. Walizungumza Kiswahili chao, sisi chetu, na tukaelewana bila shida. Redio ya Kinshasa tuliisikia kwa Kifaransa na Kilingala, na timu za Kinshasa zilikuwa na mashabiki wao. Sisi watu wa mwambao tulikuwa na Englebert.

Baba yangu mdogo alikuwa karani pale bandarini. Yeye aliwahi kuishi Lubumbashi enzi ikiitwa Élisabethville, na alijua historia ya timu tangu mwanzo: kwamba ilianzishwa na mapadre Wabenedikto mwaka 1939, kwamba jina la Englebert lilitoka kwa kampuni ya matairi, na kwamba lile neno la Tout Puissant liliongezwa baada ya mwaka 1966, mwaka ambao walizoa ubingwa wa nchi na kombe la nchi pamoja. Alikuwa na picha ya kikosi iliyokatwa gazetini, ameibandika ndani ya mlango wa kabati. Nilijifunza majina kutoka kwenye picha ile kabla sijayasikia redioni. Kipa Kazadi Mwamba. Mshambuliaji Pierre Kalala, waliyemwita Bombardier. Alama ya vidole vyangu ilikuwa imefifisha nyuso za watu wa mstari wa mbele.

Lazima niseme pia wakati wenyewe ulikuwaje, kwa sababu bila hivyo mtu hataelewa kwa nini mpira ulitushika namna ile. Mei 1964 waasi waliingia Uvira, na tangu hapo mambo yalivurugika. Familia nyingi, yetu ikiwamo, zilivuka mto Ruzizi kwenda Burundi. Tuliporudi tulikuta mji una wanajeshi wengi, wazungumzaji wa Kilingala, na watu waliwaogopa. Huko milimani Fizi vita haikuisha upesi. Kisha 1967, tulipoanza kupumua, mamluki walioongozwa na Schramme waliasi na kuishika Bukavu kuanzia Agosti. Watu walishuka bonde la Ruzizi na mizigo kichwani, nasi tukajiuliza kama tufunge yetu tena. Mamluki waliondoka mwanzoni mwa Novemba, wakavuka kuingia Rwanda.

Wiki mbili baadaye, tarehe 19 Novemba 1967, Englebert walikuwa Kumasi wakicheza fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika.

Sijui kama kuna mtu aliyeishi mahali penye amani anayeweza kuonja utamu wa habari ile. Nchi yetu ilikuwa inatajwa redioni kwa sababu ya mamluki na maiti, na ghafla ikatajwa kwa sababu ya mpira. Tena waliobeba jina la nchi nzima walikuwa vijana wa Katanga, mkoa ambao miaka minne na ushee tu kabla ya hapo ulikuwa umejitenga. Baba mdogo alilisema hilo mara nyingi. Aliona katika timu ile kitu ambacho wanasiasa walikuwa wameshindwa kukitengeneza.

Wapinzani walikuwa Asante Kotoko ya Ghana. Kumasi wakatoka sare 1-1. Marudiano yakachezwa Kinshasa, maana fainali zetu za nyumbani zilichezewa mji mkuu, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi. Tarehe 26 Novemba, sare tena, 2-2. Hapa ndipo penye mzizi wa maneno yangu yote. Siku zile kanuni ya bao la ugenini haikutumika katika fainali ile. Ingetumika, Kotoko waliofunga mawili Kinshasa wangebeba kombe kwenda kwao, na hakuna ambaye angekuwa na la kusema. Badala yake shirikisho la Afrika liliamua timu zikutane mara ya tatu, katika uwanja usio wa yeyote, Yaoundé, Kameruni, mwishoni mwa Desemba.

Englebert walikwenda Yaoundé. Kotoko hawakutokea. Kombe likapewa Englebert.

Uvira tulishangilia. Watoto tulizunguka mitaa ya Mulongwe tukipiga makopo, na tuliambiwa kwamba Waghana wameogopa. Ukweli haukuwa huo. Chama cha soka cha Ghana hakikuwafikishia Kotoko habari ya tarehe ya mechi. Timu nzima ya watu waliokuwa hawajashindwa katika mechi mbili za fainali ilipoteza ubingwa wa Afrika kwa sababu ujumbe uliishia ofisini. Baba mdogo alikuwa wa kwanza kulitambua hilo, kwa magazeti yaliyokuja na meli. Nakumbuka siku aliyoingia nyumbani akaketi, akamwambia baba, "Kaka, kombe hili tumepewa. Kulichukua bado." Baba alimjibu kwamba kombe ni kombe. Hawakukubaliana, wala sidhani kama walikuja kukubaliana.

Baada ya hapo ulikuja ushindi mfululizo, nami sitauchambua wote, maana ushindi husimulika kwa namna moja. Januari 1968 timu ya taifa ilitwaa kombe la mataifa ya Afrika Addis Ababa kwa kuifunga Ghana 1-0, na mfungaji akawa Kalala wetu. Machi 1969 Englebert waliicharaza Étoile Filante ya Lomé 5-0 Kinshasa, na ingawa walifungwa 4-1 huko Togo, kombe la 1968 likawa lao. Ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo. Ili mjue uzito wa jambo hilo: hakuna klabu nyingine iliyolitetea kombe lile mpaka Enyimba ya Nigeria ilipofanya hivyo 2003 na 2004. Tulizoea. Mimi na wenzangu tulikuwa tumefika umri wa kuamini kwamba fainali ya Afrika ni mahali Englebert inapokwenda kila mwaka kumkuta mgeni mpya.

Kombe la 1969 lilitutoka kwa Ismaily ya Misri. Sare ya 2-2 Kinshasa, kisha 3-1 Cairo, Januari 1970. Naomba nisimame hapo kidogo, kwa kuwa kipigo kile kilipokelewa Uvira kwa namna ya ajabu. Ismaily ni timu ya Ismailia, mji ulio kwenye mfereji wa Suez, na baada ya vita ya 1967 mji ule ulikuwa ukipigwa mizinga, watu wake wamehamishwa. Ndiyo sababu walicheza Cairo. Walikuwa timu ya wakimbizi. Baba mdogo alipotusomea hilo gazetini, mama, ambaye hakuwahi kujali mpira hata siku moja, alisema, "Basi waacheni wafurahi." Alikuwa amelala chini Burundi na watoto wadogo miaka michache tu nyuma. Nyumbani kwetu hakuna aliyeilaani Ismaily.

Kwa Kotoko haikuwa hivyo.

Fainali ya 1970 ilipoangukia tena Englebert na Kotoko, mji ulichemka. Mechi ya kwanza ilichezwa Kumasi tarehe 10 Januari 1971, wakatoka 1-1, matokeo yale yale ya 1967. Kwa wiki mbili hapakuzungumzwa kingine. Vijana wa mtaa wa Kalimabenge walisema Waghana safari hii watakuja maana hawana pa kujificha. Wazee wa bandarini walikuwa kimya zaidi. Walijua Kotoko ina Ibrahim Sunday, nahodha ambaye mwaka ule ule alikuja kuchaguliwa mchezaji bora wa Afrika. Walijua ina Malik Jabir na Abukari Gariba mbele. Na golini alikuwako Robert Mensah, yule wa kofia.

Juu ya Mensah na Kazadi kulikuwa na mabishano yasiyoisha. Nani kipa bora wa Afrika? Kwetu swali lenyewe lilikuwa matusi. Kazadi alikuwa mtu wa kuruka kama paka, na tulikuwa na watoto watatu mtaani waliojiita Kazadi kwa wakati mmoja, wakipigana kugombea jina.

Jumapili ilipofika, watu walianza kukusanyika uani kwa baba mdogo mapema. Redio ilikuwa yake, na mabuye yake, zile betri kubwa, yalikuwa yameanikwa juani tangu asubuhi ili yapate nguvu. Alikuwa na waya mrefu wa shaba aliouvuta kutoka kwenye redio mpaka juu ya mwembe, na tangu mchana hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuukaribia ule mti. Wanawake walileta mikeka. Wavuvi walikuja na nyavu zao begani, kwa kuwa lilikuwa giza la mwezi, siku nzuri za ndagala, dagaa wetu, na usiku ule ilibidi waingie ziwani mpira uishe au usiishe. Waliziweka taa zao za karabai ukutani, wakaketi karibu na lango ili watoke bila kuwakanyaga watu.

Tatizo lilikuwa lugha. Mtangazaji aliyesikika vizuri siku ile alitumia Kilingala, na wengi wa watu wa uani hawakukielewa vya kutosha kukifuata kwa kasi ile. Aliyekielewa alikuwa sajini mmoja wa kikosi kilicholinda bandari, mtu wa Équateur. Sikumwona hata mara moja kabla ya hapo ameketi pamoja na raia. Watu walimwamkia, wakampisha, basi. Baba mdogo ndiye aliyemwita. Nakumbuka ukimya uliotanda alipoinama kupita langoni na sare zake. Mama alichukua mtoto aliyekuwa karibu na kiti kile akampakata. Sajini akavua kofia yake, akaiweka gotini, akasogeza sikio kwenye redio, na kwa dakika tisini akawa mdomo wa redio kwetu sote.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alisema "mupira iko kwa Kalala, Kalala anaenda, anaenda, ah, wamemukamata." Mwanzoni watu walijizuia kucheka. Kisha wakasahau kujizuia, naye akacheka pamoja nao. Yeye binafsi alikuwa shabiki wa Vita Club ya Kinshasa na alilisema mapema, kwa sauti, kama mtu anayeweka silaha mezani ili asije akatuhumiwa. Lakini mpira ulipoanza nilimwona akikunja ngumi kila Englebert waliposogea mbele.

Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Wakati kule jua bado kali, huku Uvira lilikuwa limeshazama nyuma ya Mitumba, maana milima iko mgongoni mwetu upande wa magharibi na kivuli chake hushuka juu ya mji mapema, kikatambaa mpaka ziwani. Upande wa Burundi ng'ambo bado kulikuwa kweupe. Wavuvi walikuwa wakitazama maji, wakitazama redio.

Mawimbi yalikuja na kuondoka. Sauti ilijaa, ikakonda, ikapotea kabisa, ikarudi katikati ya sentensi. Katika moja ya vipindi hivyo vya kupotea Kotoko walifunga, na tulijua tu kwa sababu sajini alinyanyua mkono kututuliza, akasikiliza, kisha akautua mkono ule taratibu bila kusema. Hatukuhitaji tafsiri. Bao letu lilipoingia uani palilipuka, mtu akagonga mkeka wa maharage uliokuwa umeanikwa, na hata bao la pili la Kotoko, lililotupokonya furaha ile, lililazimika kusubiri kelele zishuke ndipo litangazwe.

Mbili kwa moja. Waghana mbele, Kinshasa.

Wavuvi walianza kuondoka. Mmoja alisimama langoni na taa yake mkononi kwa muda mrefu, akavutwa na mwenzake. Uani hakuna aliyetoka. Karibu na mwisho redio ilileta kelele za uwanja, kelele za watu maelfu waliosimama kwa pamoja, na sajini akasimama naye. "Penalti," alisema, au hivyo ndivyo tulivyosikia. Sauti ikazama. Baba mdogo alikuwa ameshika kitufe kwa vidole viwili, akikizungusha kwa upole. Sauti iliporudi, zile kelele hazikuwapo tena. Palikuwa na mvumo mmoja mzito.

Waghana husimulia mpaka leo kwamba mwishoni mwa mechi ile Englebert walipewa penalti, kwamba wachezaji wetu walidai Mensah avue kofia kwanza, na kwamba mpigaji aliupaisha mpira. Kofia ile imekuwa hadithi katika nchi mbili. Kwetu Uvira, kabla wiki haijaisha, kila mtoto alijua ilishonwa na nani, ikachanjwa na nini, ikazikwa makaburini usiku ngapi. Sikuliamini hilo wakati ule na siliamini leo, na linaniudhi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu linawanyang'anya watu haki yao mara mbili. Linamnyang'anya Mensah kazi ya mikono yake. Tena linawanyang'anya wachezaji wetu heshima ya kushindwa na watu waliowazidi siku ile. Mwanamume anapokosa penalti mbele ya taifa lake dakika za mwisho, hahitaji mchawi. Uzito wa ule mpira unatosha.

Kipyenga kilipolia sajini alivaa kofia yake. Hakuna aliyejua la kumwambia. Ndipo baba mdogo alipozima redio ili kuokoa mabuye, akasema, si kwa mtu yeyote hasa, "Basi, leo Kotoko wamefika Yaoundé."

Wengine walimkasirikia. Baba aliondoka bila kuaga. Mimi nililia, na sikulielewa lile neno mpaka nilipokuwa mtu mzima, lakini sijawahi kusikia lililo sahihi zaidi juu ya siku ile. Kotoko hawakuja kututeka. Walikuja kucheza mechi waliyokuwa wakidaiwa, tena waliikuta timu bora Afrika ikiwa kwake, na watu wake, na penalti yake, wakaishinda. Hakuna barua iliyopotea safari hii.

Kulipopambazuka nilitumwa ufukweni na ndoo kununua ndagala. Mitumbwi ilikuwa inarudi. Nilisikia sauti ikiita kutoka majini, bado mbali, "Ngapi ngapi?" Wanawake waliokuwa wakisubiri walitazamana. Mmoja wao, mama mtu mzima, akajibu kwa kuinua vidole, viwili mkono huu, kimoja mkono ule, na yule mvuvi akauliza tena, "Viwili vya nani?" Hakujibiwa. Akaacha kupiga kasia, mtumbwi ukaja wenyewe mpaka mchangani.

Sajini alirudi kwa baba mdogo baada ya hapo, Jumapili nyingi, hata pasipokuwa na mpira. Alikuwa akinywa pombe ya kasiksi chini ya mwembe na wazee, na nilimsikia akifundishwa Kiswahili cha kuulizia bei ya samaki wa mukeke sokoni. Sitaki kusema kwamba mpira ulifuta yaliyopita kati ya wanajeshi na raia. Haukufuta. Kulikuwa na nyumba za jirani ambazo hazikumkaribisha kamwe, na zilikuwa na sababu zake. Lakini uani kwetu alikuwa na kiti.

Mwaka ule ule, mwishoni mwa Oktoba, nchi yetu ilibadilishwa jina ikawa Zaire. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Novemba, redio ilitangaza kifo cha Robert Mensah. Alichomwa na chupa iliyovunjika katika ugomvi huko Tema, mji wa bandari wa Ghana, akafia hospitali. Wale watoto waliokuwa wakiilaani kofia yake walinyamaza. Nilipita bandarini jioni nikawakuta mabaharia wa Katanga wakizungumza habari zake kwa sauti ya chini, wanavyozungumzwa watu wa nyumbani. Mmoja alisema Kazadi lazima ameumia. Nadhani alisema kweli. Makipa wawili waliofananishwa miaka yote ile, kila mmoja alikuwa kipimo cha mwenzake.

Kazadi mwenyewe alikuja kupata siku mbaya kuliko ile. Juni 1974, Ujerumani Magharibi, katika mechi na Yugoslavia ya kombe la dunia, alitolewa uwanjani mapema, bao la tatu lilipokwisha kuingia, na mechi ikaishia 9-0. Dunia nzima inamkumbuka kwa mechi ile, ambayo mabao sita hayakuwa yake. Mimi nimechagua kumkumbuka kwa fainali nne mfululizo za Afrika, 1967 mpaka 1970, kazi ambayo wachache wameifikia.

Kotoko tulikutana nao tena, lakini si Englebert. Fainali ya 1973 Vita Club walifungwa 4-2 Kumasi, kisha Kinshasa, Desemba, wakashinda 3-0 na kutwaa kombe. Sajini alikuwa ameshahamishwa. Baba mdogo alinunua chupa, akaifungua chini ya mwembe, akamwaga kidogo chini kwa ajili yake, ingawa hatukuwa na habari kwamba amekufa wala kwamba ni mzima. Nilifurahi siku ile, nisiseme uongo, lakini ilikuwa furaha ya Kinshasa iliyotufikia kwa redio. Timu yetu ilikaa miaka mingi, ikabadili jina, na ubingwa wa Afrika haukurudi Lubumbashi mpaka 2009.

Tena tazameni ulivyorudi. Fainali ya 2009 ilikuwa na Heartland ya Nigeria. Mazembe walifungwa 2-1 Owerri, wakashinda 1-0 Lubumbashi. Jumla 2-2. Kombe walilipata kwa bao la ugenini, ile kanuni ambayo 1967 haikutumika, na ambayo ingelipeleka kombe la kwanza Kumasi. Siku ile baba mdogo alikuwa marehemu. Nilikaa na vijana wa Mulongwe mbele ya televisheni, wao wakiimba, na nilipowaeleza hilo mmoja aliniuliza, kwa adabu lakini kwa uchungu, "Mzee, kwa hiyo unataka tuwarudishie lile la 1967?"

Nilimjibu hapana, na nitajibu hivyo siku zote. Kombe la 1967 ni letu kwa kanuni za wakati wake, na waliokwenda Yaoundé walikwenda kucheza, si kupokea zawadi. Lakini miaka ile mitatu, kila tulipolitaja, palikuwa na mtu wa kutukumbusha kwamba Kotoko hawakuwapo. Tangu Januari 1971 hakuna anayeweza kusema hivyo. Walikuwapo, tulikuwapo, mpira ulichezwa mpaka mwisho, na aliyeshinda alishinda uwanjani. Deni lililipwa lote. Ndiyo maana leo ninapowahesabia vijana makombe ya Mazembe naanza na 1967, nakwenda 1968, 2009, 2010, 2015, na sipunguzi sauti popote.